QCX-mini ya mita 20: wati tano, Morse, na pwani ya Tanga

Wakuu, nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke nalo: kama unapenda Morse (kuongea kwa milio ya nukta na mistari), au uko tayari kujifunza, na unaishi huku Afrika Mashariki hasa karibu na bahari, hii redio inunue. Kama unachotaka ni kupiga stori kwa sauti, kumsikia jamaa akicheka, basi hela yako itunze, haina maiki wala sehemu ya kuchomekea maiki. Ni Morse tu mwanzo mwisho.

QCX-mini ni kiti (ile "kit" ya Kiingereza), yaani inakuja vipande vipande unaunga mwenyewe, inatoka kampuni ya QRP Labs ya Hans Summers, Mwingereza anayeishi Uturuki (kwenye hewa ni G0UPL). Kaka yake mkubwa, QCX yenyewe, ilitoka 2017 na mwanzo kabisa ilibuniwa kwa ajili ya vijana waliokuwa kwenye kambi ya redio Uingereza mwaka huohuo waiunge kwa mikono yao, ndo maana kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa kana kwamba anayesoma hajawahi kushika pasi ya kuchomelea. Mini ikaja mwisho wa 2020, ilipotoka bei ilikuwa dola 55 na boksi lake la alumini kama dola 20 pembeni, ukijumlisha usafiri na mambo ya forodha jiandae kulipa zaidi ya hapo. Bendi, yaani kundi la masafa linaloitwa kwa urefu wa wimbi lake kwa mita, unachagua wakati wa kuagiza, moja tu: 80, 60, 40, 30, 20 au 17. Ukishaiunga ndo imetoka hiyo, haibadilishwi kwa kubonyeza, utafumua nusu ya koili.

Mi nilichukua ya mita 20 na ntasema kwa nini, maana hapo ndo watu wengi huku kwetu wanaenda kombo. Wanasema nataka niongee na wenzangu Arusha na Dodoma halafu nipate na Ulaya. Mita 20 haikupi Arusha. Wimbi la megahezi 14 linapanda juu kwenye ionosifia (tabaka la juu la hewa) linarudi chini mbali sana, hapo katikati kunabaki eneo kubwa ambalo halisikii kitu. Nairobi iko kama kilomita 490 kutoka hapa Tanga na mara nyingi ni kimya kitupu, wakati Mtaliano aliye kilomita 5,900 anaingia kama yuko nyumba ya pili. Kwaiyo kwa ndani ya nchi chukua ya 40, ila ujue msimu wa masika ile bendi ina radi mpaka masikio yanauma, radi ya mbali huko bara inakukwaruzia kwenye hedifoni usiku kucha. Mimi shida yangu ilikuwa mbali, nikachukua 20.

Sasa hili la wati tano inazotoa, maana ndo swali la kwanza la kila mtu. Wati tano? Taa ya chumbani inakula zaidi ya hapo. Ndio, lakini hesabu zake ziko hivi. Redio ya kawaida ya mezani inatoa wati 100. Kutoka 100 kuja 5 umepungukiwa mara ishirini, kwa desibeli ni 13, na kwenye mita ya yule anayekupokea kila alama moja ya S (kipimo cha nguvu ya signo) ni desibeli 6, kwaiyo umeshuka alama mbili na kidogo. Basi. Angekusikia S7 atakusikia S5 hivi, na S5 ya Morse ni kitu kinachosomeka ukiwa unakunywa chai. Halafu Morse yenyewe ina dawa yake: sauti ya kuongea inataka upana wa hezi kama 2,400, Morse kwenye filta ya hii redio inapita kwenye hezi 200. Ukipunguza kidirisha mara kumi na mbili, na kelele zinazoingia ni mara kumi na mbili pungufu. Hiyo ni karibu desibeli 11 umezipata bila kuongeza wati hata moja.

Na asiyeamini hesabu ana njia ya kusikia kwa masikio yake. Kuna mtandao wa bikoni 18 duniani (mitambo inayopiga jina lake yenyewe) uliowekwa na NCDXF ya Marekani pamoja na IARU, taasisi za wapiga redio, mojawapo iko hapo kwa majirani Kenya, inaitwa 5Z4B. Zote zinapokezana kwenye megahezi 14.100, kila moja sekunde kumi, mzunguko mzima dakika tatu. Bikoni inapiga jina lake kwa wati 100 kisha inapiga mistari minne ya sekunde moja moja: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho wati sehemu moja ya kumi. Kaa na QCX-mini yako jioni kwenye hiyo frikwensi sikiliza bikoni za mbali, uone ule mstari wa pili na wa tatu unavyosikika bado. Mimi ule wa wati moja ndo ulinimaliza. Baada ya hapo sijawahi tena kubishana na mtu kuhusu wati tano, namwekea hedifoni tu.

Lakini wakuu kitu ambacho hakisemwi sana na wenzetu wa Ulaya wanaoandika kuhusu hizi redio, maana wao hakiwahusu: jina lako la kwenye hewa linaanza na 5H, alama ya Tanzania. Mjerumani akipiga CQ (wito kwa yeyote anayesikia) kwa wati tano, yeye ni Mjerumani mmoja kati ya maelfu, nani ana haja naye. Tanzania wanaopiga Morse ni wa kuhesabika, kuna watu huko nje wana miaka wanatafuta 5H kwenye logi yao (daftari la waliowasiliana nao) hasa kwa Morse, kwaiyo ukitokea unasikika kidogo tu, mtu anazima feni, anafunga dirisha, anamwambia mke wake subiri kwanza. Udhaifu wa wati zako yeye ndo anaubeba kwa kusikiliza kwa nguvu. Ndo maana nasema hii redio inalipa huku kwetu kuliko kwao. Kenya na 5Z yao, Uganda na 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, wote mko kwenye kundi hilohilo.

Na kwa sababu hiyo, unachonunua hapa hasa ni masikio, mdomo ni nyongeza. Pokeo, yaani upande wa kusikiliza, ya hii redio ni kitu ambacho sikukitegemea kwenye bei hii. Ndani inabadilisha masafa moja kwa moja kuwa sauti kwa swichi za haraka (zile saketi za FST3253), inazigawa njia mbili zenye tofauti ya fezi, kisha inaziunganisha kwa namna ambayo upande usiotakiwa unajifuta, kwaiyo humsikii kila mtu mara mbili kama kwenye redio za bei rahisi. Halafu inakuja ile filta ya hezi 200 na haina ule mlio wa mtu anayeongea ndani ya mtungi ambao filta nyembamba nyingi zinao. Kimya. Stesheni inatokea kwenye kimya, inapita, inapotea. Nimewahi kushika zile redio ndogo za Pixie za Kichina za megahezi 7.023, za kuweka kwenye kopo la peremende, na ni nzuri kwa kujifunza kuchomelea, ila usiku unasikia redio za matangazo za dunia nzima zimelala juu ya kila kitu. Hizi mbili hazifanani hata kidogo.

Ubaya wa pokeo: yenyewe kama ilivyo haina AGC, ile ya kushusha sauti yenyewe stesheni kubwa ikitokea. Uko na sauti imepandishwa unamsikiliza Mjapani dhaifu, ghafla jamaa mwenye kilowati anaanza kupiga hezi mia pembeni, utarusha hedifoni. Vidole viwe karibu na nobu muda wote. Wanauza kibao kidogo cha saketi ya AGC cha kuongezea, chukua. Spika pia haina nguvu ya kuendesha, ni iafoni tu, na mimi naona bora, maana Morse kwenye spika sebuleni utafukuzwa nyumbani.

Kuunga. Vile vijidude vidogo vya juu ya bodi vinakuja vimeshachomelewa kiwandani, wewe unabaki na vyenye miguu: kapasita, transista, soketi, kioo, na koili. Koili ndo habari yenyewe. Kuna T1, kipete kimoja chenye nyuzi nne juu yake, tatu fupi moja ndefu, zote zizungushwe upande mmoja, na kila ncha iingie tundu lake. Usifanye usiku na usifanye kuna mtoto anataka kuona. Kitabu kina kurasa zaidi ya mia na kila kipande kina picha yake, kifuate kama kilivyo, usijifanye fundi. Waya wa koili umepakwa vanishi, usipoichoma au kuikwangua ikatoka yote, risasi ya kuchomelea itakaa juu vizuri tu ing'ae lakini umeme haupiti, na hiyo ndo sababu kubwa ya hizi kiti kugoma kwa watu. Ishike ncha na pasi yenye tone la risasi mpaka moshi utoke na waya uwe wa fedha, halafu pima na mita kabla ya kuendelea. Mtu mwenye mkono wa kutengeneza simu mtaani ataimaliza wikiendi, asiyewahi kabisa atafute fundi akae naye, sio ampe, akae naye.

Ikishawaka kuna jambo la kufurahisha sana: vipimo vyake iko navyo ndani. Ina jenereta yake ya signo, unaingia kwenye menyu, inajitumia signo yenyewe, kwenye kioo unaona mistari inapanda, unazungusha trima C1 (kiskrubu cha kurekebishia) mpaka mstari ufike juu kabisa, kisha potenshometa tatu za kubana ule upande usiotakiwa mpaka mstari ushuke chini. Bisibisi moja. Hakuna osiloskopu, hakuna kumtafuta mwenye maabara. Kwa mtu wa Tanga au Mtwara hiyo ndo tofauti ya redio inayofanya kazi na pambo la mezani.

Upande wa kutuma kuna transista tatu ndogo za BS170 zimeunganishwa sambamba, zinafanya kazi kwa mtindo wa daraja E, yaani zinafunguka na kufunga kama swichi kwaiyo joto ni kidogo na haina haja ya kipoza joto kikubwa. Betri ya volti 12 inakupa wati tatu au nne hivi, ukipanda kwenye 13 na ushee unakaribia tano. Ikisikiliza inakula kama sehemu moja ya kumi ya ampea, ikituma nusu ampea na kidogo, betri ndogo ya bodaboda unashinda nayo siku nzima. Hapa kuna jambo: redio haina mita ya SWR (inayoonyesha umeme unaorudishwa na antena) wala kinga ya maana, antena ikikatika ukaendelea kubonyeza, zile BS170 ndo zitakazolipa. Bei yake ni ya pipi, agiza kumi za akiba kabisa kwenye mzigo huohuo, na tafuta kijimita cha SWR cha nje.

Nikija kwenye antena, wakuu, hapa ndo hela na akili ziende. Kwa megahezi 14.060, ambako wapiga wati ndogo wanakutana, robo ya wimbi ni mita tano na sentimita nane hivi. Mwanzi mrefu kutoka sokoni, waya wa kawaida wa spika umefungwa kwa juu ukashuka wima, chini nyaya nne za mita tano tano zimetandazwa mchangani, waya wa koaksia mpaka kwenye redio. Imekwisha. Ukiiweka uwani kwako katikati ya mabati na nyaya za umeme inafanya kazi, ila ukiisogeza pale ufukweni Raskazone maji yakiwa miguuni ni habari nyingine kabisa. Maji ya chumvi yanapitisha umeme karibu mara elfu kuliko udongo wa kawaida, kwaiyo lile wimbi linalotoka chini chini, lile linaloenda mbali, halimezwi na ardhi. Watu wa bara wanajenga minara ya chuma kutafuta pembe hiyo, sisi tumepewa na bahari bure, maji yakijaa unaona kabisa ripoti zinapanda.

Sio ripoti za kudhania. Kuna mtandao unaitwa Reverse Beacon Network, kompyuta za watu zimekaa duniani, nyingi Ulaya na Marekani, zinasikiliza bendi nzima ya Morse na kila anayepiga CQ zinamwandika: jina, frikwensi, desibeli, spidi. Unapiga CQ mara mbili tatu, unatoa simu mfukoni, unaona Uswisi wamekusikia desibeli 9, Finland 6, unajua umefika hata kama hakuna aliyejibu. Na redio yenyewe ina bikoni ya WSPR ndani (signo dhaifu ya kupima umefika wapi), unaiwekea jina lako na herufi za eneo (Tanga ni KI94) na saa sahihi, inapiga kila baada ya muda yenyewe, we unaenda kula ukirudi unaangalia nani alikupata. Kwa kupima antena mbili ipi bora hakuna kifaa kinachoizidi.

Pwani pana usumbufu wake mtamu. Ukikaa na mwanzi na waya vijana wa ngalawa lazima waje. Kuna babu mmoja nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye jiwe akanitazama weee, mwishoni akauliza, "Mwanangu, hiyo inayolia ni nani?" Nikamwambia Mjapani, babu. "Anasemaje?" Nikamwambia anasema ananisikia, kwa shida. Akacheka akasema mtu wa mbali hivyo angesema la maana kidogo. Na kweli ukitazama, mazungumzo mengi ni jina, ripoti, asante. Mjapani alinipa 339, maana yake Morse yangu anaipata kwa taabu na signo ni dhaifu, nami nikampa 559. Kutoka hapa mpaka Tokyo ni kilomita kama 11,300 kwa umeme wa betri ya pikipiki. Mi sihitaji aseme kingine.

Kumbe na hii Morse kwenye pwani yetu sio ngeni, Zanzibar ilishaunganishwa na kebo ya telegrafu ya chini ya bahari kutoka Aden mwaka 1879, watu wa Mji Mkongwe walikuwa wanapokea habari za dunia kwa nukta na mistari kabla babu zetu wengi hawajaona redio. Hilo ni pembeni tu.

Matumizi ya kila siku. Kioo ni cha mistari miwili ya herufi 16, kinaonekana juani, usiku kina taa. Nobu mbili, ya sauti na ya kutafutia, na vitufe viwili vidogo. Menyu ni ndefu na imejificha nyuma ya kubonyeza kifupi, kubonyeza kirefu, kubonyeza mara mbili, wiki ya kwanza utaenda usikotaka kwenda. Kiya (saketi ya kutengeneza nukta na mistari) iko ndani kwaiyo unachomeka pedo moja kwa moja, kile kibonyezo cha pembe mbili ambacho kidole gumba kinatoa nukta na cha shahada kinatoa mstari, au kama una kile cha kizamani cha kugonga kinakubali pia. Kati ya herufi na herufi redio inarudi kusikiliza, kwaiyo mtu akikuingilia unamsikia papo hapo. Nimezoea hicho kiasi kwamba nikishika redio nyingine isiyofanya hivyo najiona kiziwi. Unaweza kuhifadhi ujumbe, CQ yako ukaiweka ikajipigia, mkono unapumzika.

Ina kisomaji cha Morse pia, herufi zinapita kwenye kioo. Usinunue kwa sababu ya hicho. Stesheni ikiwa safi na mpigaji ni mashine inasoma vizuri, akija mzee wa Kiitaliano anayepiga kwa mkono na mapozi yake, au radi ikichanganyika, inakuandikia EETTIE EE mstari mzima. Jifunze kwa masikio, kwa njia ya Koch, herufi mbili kwanza kwa spidi kamili kisha unaongeza moja moja, usihesabu nukta, sikia mlio wote kama neno. Tangu mkutano wa ITU, shirika la mawasiliano la dunia, wa 2003 nchi hazilazimiki tena kudai mtihani wa Morse kwenye leseni, kwaiyo wanaobaki kuipiga ni wanaoipenda, na watu wanaoipenda wanapunguza spidi ukiwaomba. Tuma taratibu, atakujibu taratibu. QRS tu (yaani punguza spidi), hakuna aibu.

Jambo moja la kiufundi ambalo litakuokoa: ukimsikia mtu, zungusha mpaka mlio wake ulingane na mlio wako mwenyewe wa kutumia, huu uko kwenye hezi 700. Ukiwa nje kwa hezi 300 wewe unamsikia kidogo pembeni, ila yeye mwenye filta nyembamba kama yako hakusikii kabisa, na utalaumu wati zako bure.

Halafu jiandae na siku ile utakayoandikwa kwenye orodha za watu wa Ulaya wanaotafuta stesheni adimu. Jioni moja ya Jumamosi nilipiga CQ ya kawaida nikajibiwa na mmoja, dakika chache baadaye ukuta wa watu. Wote frikwensi moja, wote 5H 5H, na filta ya hezi 200 haisaidii watu wakiwa juu ya watu. Hapo ndo unatumia VFO mbili (frikwensi moja ya kutuma, nyingine ya kusikiliza), redio inayo: unatuma hapa, unapiga UP (yaani juu), wao wanapiga kilohezi moja mbili juu, wewe unatembea kati yao unaokota mmoja mmoja. Lakini na wati zako tano wengine hawakusikii unapomwita mtu, wanaendelea kupiga tu juu ya jibu lake. Hapo kusema ukweli hata mimi nilitamani wati 50. Nikapiga jina nusu, ripoti, jina nusu, mpaka betri ikaanza kushuka.

Saa. Mita 20 kwenda Ulaya huku kwetu ni kuanzia kama saa kumi jioni mpaka saa tatu nne usiku, Japan inachanganyika humo jioni, Marekani ya mashariki, kilomita 12,300 hivi mpaka New York, hiyo subiri saa tano usiku kuendelea na usiwe na kazi asubuhi. Logi inaandikwa kwa saa za UTC kwaiyo sisi tunabeba saa tatu kichwani: saa kumi na mbili jioni kwa Kiswahili, 18:00 kwenye simu, 15:00 kwenye logi. Na jua limekuwa rafiki, kilele cha mzunguko wa 25 wa madoa yake kilikuja kipindi cha 2024, bendi za juu zimekuwa wazi ajabu, zitapungua taratibu, ila mita 20 ni ya mwisho kukata tamaa na huku karibu na ikweta tuna bahati kuliko walioko kaskazini.

Kelele za mtaani ni adui mkubwa kuliko wati. Taa za LED za bei poa, chaja za simu, inveta za sola, vyote vinavuma kwenye hedifoni. Na hapa ndo nikagundua raha ambayo siwezi kuitangaza kwa majirani: umeme ukikatika mtaa mzima, bendi inakuwa safi kama katikati ya bahari, wenzako wanalalamika gizani wewe unakimbilia betri na hedifoni. Nina stesheni nyingi kwenye logi nilizopata wakati wa mgao.

Kuna watakaouliza kwa nini nisichukue QMX, iliyotoka 2023 kutoka haohao, bendi kadhaa kwenye boksi moja, ina mita ya SWR na kinga na inafanya na zile njia za kidijitali. Kama una hela ya kuongeza na mkono wako wa kuchomelea umetulia, sikatai, chukua hiyo. Mimi nimebaki na mini kwa sababu ya ile pokeo ya analogi na kwa sababu kitu kikiharibika naweza kukifuata kwenye mchoro waya kwa waya mpaka nikakipata, hakuna kisanduku cheusi humo ndani zaidi ya prosesa moja ATmega. Inaingia mfuko wa koti, gramu kama 200.

Leseni, kwa mamlaka za mawasiliano: kwa Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, Uganda UCC, shughulikia kabla mzigo haujafika, maana kifurushi chenye neno redio pale forodha kitaulizwa na wewe uwe na karatasi mkononi. Nilichukua boksi la alumini pamoja na kiti na sijutii, chumvi ya pwani inakula bodi iliyo wazi. Wakati wa kuagiza andika bendi vizuri kwenye oda, ongeza zile BS170, AGC, na waya wa koili wa akiba mita mbili tatu, maana T1 ya kwanza wengi wanaifumua. Anayeunga yake akakwama maeneo ya Tanga aseme, mita ya SWR ninayo na jioni nyingi niko kulekule baharini.